Seli za kinga zinavyoandaliwa kupambana na homa ya ini B

WATAFITI wa tiba katika nchi kadhaa wanajaribu kutumia seli za kinga ya mwili kupambana na homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao dawa zilizopo huutuliza lakini ni nadra kuuponya kabisa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya ugonjwa huo mwaka 2022. Mwaka huo pekee ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 1.1, wengi wao kwa makovu ya ini na saratani ya ini.

Dawa kama tenofovir huzuia virusi kuzaliana. Hata hivyo, haziondoi vinasaba vya virusi vilivyojificha ndani ya kiini cha seli za ini. Mgonjwa akiacha dawa, virusi vinaweza kuibuka upya, hivyo wengi huzitumia kwa miaka mingi, pengine maisha yao yote.

Zaidi ya asilimia 95 ya watu wazima wenye afya wanaoambukizwa hupona wenyewe. Kazi hiyo hufanywa hasa na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Lakini watoto wachanga wapatao tisa kati ya kumi wanaoambukizwa hubaki na virusi. Katika miili yao, seli T zenye uwezo wa kuvitambua virusi hivyo huwa chache na zilizochoka.

Miaka ya 1990, madaktari walibaini kuwa baadhi ya wagonjwa waliopandikizwa uboho kutoka kwa watu waliokwisha kupona homa hiyo, nao waliondokewa na virusi. Kinga ilikuwa imehamishwa.

Leo watafiti, akiwamo Antonio Bertoletti wa Singapore, huchukua seli T katika damu, huzitia kipokezi cha kuvitambua virusi, kisha huzirudisha mwilini. Mwaka 2015 ilitolewa taarifa ya mgonjwa mwenye saratani ya ini iliyotokana na virusi hivyo aliyepewa seli za namna hiyo. Protini ya virusi katika damu yake ilipungua sana, ingawa ufanisi dhidi ya saratani haukuthibitika.

Hatari kubwa ni kwamba seli T huua seli za ini zilizoambukizwa. Zikiuawa nyingi kwa mkupuo, ini lenyewe linaweza kushindwa kufanya kazi. Kwa sababu hiyo, baadhi ya watafiti hutumia kipokezi cha muda, kinachotoweka baada ya siku chache.

Aidha, mjini Munich, Ujerumani, Ulrike Protzer na wenzake wanatafiti chanjo ya tiba inayokusudiwa kuziamsha seli T za mgonjwa mwenyewe.

Wakati tiba hizo zikisubiriwa, kinga iliyo ya hakika ni chanjo ya kawaida, ambayo WHO inashauri mtoto aipate ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa watu wazima, hatua ya kwanza ni kupima damu: hadi mwaka 2022, ni asilimia 13 tu ya wenye maambukizi sugu duniani waliokuwa wamegunduliwa.