Nani huijaribu programu kabla haijafika kwenye simu yako?

Kwa mkulima wa Mwika, simu ya mkononi siku hizi ni pochi na ni dirisha la ofisi. Kwa simu tunatuma ada ya shule, tunanunua umeme wa LUKU na kulipia huduma za serikali. Hata mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/23, imekuwa ikitolewa kwa wakulima waliosajiliwa kwenye mfumo wa kidijiti.

Nyuma ya kila huduma kama hizo ipo programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Programu ikiwa na kasoro, anayeumia ni mtu wa mwisho: aliyeshika simu. Ndiyo maana lazima ipimwe kwanza. Sasa kazi hiyo ya kupima inaanza kukabidhiwa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Je, akili unde inajuaje kutumia zana za kupimia?

Kupima programu ni kufanya nini?

Mpimaji mzuri huitafutia programu mahali pa kuanguka. Mtandao ukikatika wakati unatuma shilingi 50,000, je, fedha itakatwa mara mbili? Ukiandika jina lenye alama ndogo ya juu, kama kijiji cha Ng'uni kule Hai, programu italipokea au itagoma? Na ujumbe ukisema mwisho wa kulipa ni saa 2 asubuhi, kompyuta inaelewa kuwa ni 08:00 au inadhani ni saa nane za usiku, 02:00?

Vipimo vya namna hii huweza kufika mamia au maelfu, na hurudiwa kila programu inapobadilishwa. Mtu hawezi kuvifanya vyote kwa mkono, hivyo mafundi hutumia zana. Mojawapo ni Selenium, iliyoanzishwa mwaka 2004 mjini Chicago, Marekani, ambayo hubonyeza vitufe vya kurasa za intaneti badala ya mtu. Nyingine ni pytest, ya kupima programu zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python.

Wakala, lakini si wa fedha

Wataalamu huzungumzia "wakala wa akili unde". Huyu siye wakala wetu wa kuweka na kutoa fedha. Ni programu inayopewa kazi, kisha huifanya hatua kwa hatua: inafungua mafaili, inaendesha vipimo, inasoma majibu na kurekebisha kasoro.

Fundi binadamu asipoelewa zana humuuliza mwenzake wa meza ya pili. Wakala wa akili unde mara nyingi huendelea kwa kukisia, tena kwa maneno fasaha yanayomfanya msomaji amwamini. Kinachomwongoza ni maelezo ya matumizi ya zana yaliyoandikwa na watu.

Maelezo mazuri yakoje?

Chukua dawa ya kutu ya majani au ya chulebuni kwenye kahawa. Lebo ikisema "changanya kiasi cha kutosha", mzee aliyepulizia mibuni miaka 30 ataelewa, lakini kijana anayeanza ataunguza shamba. Lebo nzuri inasema gramu ngapi kwa bomba la lita 15, urudie baada ya siku ngapi, na usubiri muda gani kabla ya kuvuna.

Maelezo ya zana za kupimia yanatakiwa kuwa hivyo hivyo. Kwanza, yaonyeshe amri kamili ya kuendesha kipimo, si "endesha vipimo kama kawaida". Pili, yataje kinachotakiwa kuwa tayari kabla ya kuanza. Tatu, yaweke makatazo wazi: usijaribu kwenye akaunti halisi za wateja, na usibadilishe kipimo ili tu kionekane kimefaulu. Nne, yaeleze maana ya kila jibu.

Hilo la nne ni zito. Zana ya pytest ikimaliza kazi hutoa namba. Namba 0 maana yake vipimo vyote vimefaulu. Namba 1, kuna vilivyoshindwa. Namba 5, hakuna kipimo hata kimoja kilichopatikana. Wakala asiyeelezwa tofauti hiyo anaweza kuona hakuna kilichoshindwa, akaripoti kwamba mambo ni mazuri. Ni sawa na mtu kukuambia kahawa yako imekauka vizuri wakati kipima unyevu hakikuwashwa.

Mwaka 2025 kampuni za teknolojia, ikiwemo OpenAI, zilianza kutumia faili la maandishi ya kawaida liitwalo AGENTS.md. Faili hilo hukaa pamoja na programu, likimweleza wakala namna ya kuiandaa na kuipima.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Akili unde imejifunza zaidi kutokana na maandishi ya Kiingereza. Mambo ya kwetu, kama saa za Kiswahili, majina yetu na mtandao unaopotea ukishuka korongoni, yasipoandikwa hayatapimwa. Hiyo ni kazi ya vijana wetu wanaosomea kompyuta. Na hata wakala akisema programu imefaulu, lazima awepo mtu wa kuthibitisha na kuwajibika.

Nawe msikilizaji una mchango. Huduma ikikukwama, usiishie kusema "mtandao unasumbua". Andika ulibonyeza nini, saa ngapi, na ulijibiwa nini. Tunza ujumbe wenye namba ya muamala, kisha piga namba rasmi ya mtoa huduma. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote. Taarifa iliyo wazi namna hiyo fundi anaweza kuigeuza kuwa kipimo kipya, ili kasoro ile ile isimkute jirani yako.