Sababu ya gari la zimamoto kuishiwa na maji

KILA moto unapozuka katika soko la Gikomba, Nairobi, ambako watu 15 waliangamia Juni 2018, lawama huwa ni ile ile: wazima moto wamechelewa, tena wamekuja bila maji. Wapo waliowahi kupokelewa kwa mawe.

Hesabu yenyewe ni hii. Gari lililobeba lita 5,000, likimwaga lita 1,000 kwa dakika, huishiwa baada ya dakika tano tu. Kuanzia hapo hutegemea bomba la kando ya barabara lililotengewa kazi hiyo. Baadhi ya mabomba hayo yamefukiwa kwa lami, mengine yamejengewa vibanda juu, na mengine ni makavu. Basi gari hulazimika kwenda kuteka maji kwingine, likipenya katika msongamano ule ule lililokuja nao.

Chini ya Katiba ya 2010, kuzima moto ni jukumu la kaunti. Suala la bomba la mtaa, kwa hivyo, ni la kumwuliza diwani wakati wa vikao vya umma kuhusu bajeti. Akijibu kuwa gari jipya limenunuliwa, aulizwe litateka maji wapi.