Mtoto akitapika shuleni, siyo kila mara ni malaria

Simu inaita saa nne asubuhi ukiwa shambani. Ni mwalimu: "Mama, mtoto anatapika, njoo umchukue." Unaacha jembe, unatafuta bodaboda, na njiani unajiuliza: ni malaria? Amekula nini? Nimpeleke nyumbani au zahanati?

Majibu ya maswali hayo huanza kutafutwa shuleni kabla hujafika. Shule za bweni huwa na matroni au muuguzi, lakini shule nyingi za msingi za serikali hazina. Kazi hiyo humwangukia mwalimu wa afya, na kwa vijiji vya Tarime na Serengeti vilivyo mbali na zahanati, dakika zake za kwanza zina uzito mkubwa.

Mzazi, kumbuka jambo moja: kutapika ni dalili, siyo ugonjwa. Ndiyo maana hakuna kidonge kimoja cha kuzuia kutapika ambacho mwalimu anapaswa kumpa kila mtoto. Kidonge kinaweza kunyamazisha dalili huku ugonjwa wenyewe ukiendelea.

Anaanza na dalili za hatari

Kabla ya kuuliza lolote, mwalimu wa afya au muuguzi humtazama mtoto. Je, anaitika akiitwa? Anaweza kunywa? Macho yamedidimia? Mdomo umekauka? Akiivuta kidogo ngozi ya tumbo na kuiachia, inarudi mara moja au polepole? Mara ya mwisho alikojoa lini?

Mtoto apelekwe kituo cha afya bila kusubiri mzazi afike iwapo anatapika kila anachokunywa, amepata degedege, amelegea au haeleweki anachosema, shingo imekakamaa, anatapika damu au majimaji ya kijani, tumbo limekuwa gumu na linauma sana, au ameanza kutapika baada ya kuanguka na kugonga kichwa. Anayeharisha maji mengi yanayofanana na maji yaliyooshea mchele anaweza kuwa na kipindupindu, na huyo anaweza kuishiwa maji mwilini ndani ya saa chache.

Wakati usafiri unatafutwa, mtoto asiachwe peke yake, hata akienda chooni. Akae ameinama mbele kidogo, au alazwe ubavu ili matapishi yasimpalie.

Maswali yanayofuata

Kama dalili hizo hazipo, ndipo maswali yanakuja. Ameanza lini? Ametapika mara ngapi? Anaharisha? Amekunywa chai asubuhi au amekuja na njaa? Kuna wenzake wanaotapika pia? Watoto watano wakitapika siku moja, swali linahama kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwenye maji ya shule au chakula walichokula pamoja. Kwa msichana aliyevunja ungo, mazungumzo yafanyike faraghani na kwa upole, kwani ujauzito nao huanza na kichefuchefu.

Joto likiwa juu, malaria lazima ipimwe siku hiyo hiyo. Kumpa panadol na kumrudisha darasani ni kosa. Zahanati ina kipimo cha haraka cha tone la damu, na majibu hutoka ndani ya dakika chache. Akiandikiwa dawa mseto kisha akaitapika kabla ya nusu saa kupita, arudie dozi hiyo, na mwambie mhudumu ili kidonge cha ziada kipatikane. Akiendelea kutapika kila dozi, arudishwe kituoni, kwa sababu huenda akahitaji sindano.

Swali la mihogo

Kwa watu wa Mara kuna swali lisilopaswa kusahaulika: mtoto amekula mihogo? Mihogo michungu ina sumu ya sayanidi. Mtoto anayetafuna muhogo mbichi njiani, au aliyekula ugali wa unga ambao haukuandaliwa vizuri, anaweza baada ya saa chache kutapika, kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kuishiwa nguvu. Huyo aende hospitali haraka.

Wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Rorya ya leo, ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1985, katika kipindi cha ukame, familia nyingi zilitegemea mihogo michungu, na kwa sababu ya njaa haikuandaliwa kwa muda wa kutosha. Watu, wengi wao watoto na wanawake, walikakamaa miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, na ulemavu wake haupony­i. Hivyo hata mwaka wa njaa usifupishe kazi: menya, loweka siku tatu au zaidi, kisha anika mpaka ikauke kabisa.

Vilevile, kama mtoto amekunywa mafuta ya taa au dawa ya kunyunyizia mimea, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali, na ubebe chupa yenyewe.

Maji kidogo kidogo

Asiye na dalili za hatari huhitaji kurudishiwa maji. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi na salama, wala isigawanywe nusu. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha uanze tena kwa funda dogo dogo kila baada ya dakika moja au mbili. Kikombe kizima kwa mkupuo hurudi chote. Mchanganyiko ukipita saa 24, umwage.

Ukikosa ORS, tumia lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Soda haifai. Akitulia, mpe uji, ndizi au chakula chake cha kawaida. Kama anaharisha pia, zahanati inaweza kukupa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Vimalize hata kama ameshapona.

Matapishi yafunikwe kwa mchanga au majivu, yazolewe na kutupwa chooni, na sakafu isafishwe kwa dawa ya klorini. Aliyesafisha anawe kwa sabuni. Kibuyu chirizi karibu na choo hakigharimu zaidi ya dumu, kamba na kijiti.

Kazi yako, mzazi

Mwalimu hawezi kukisia. Wiki hii peleka shuleni namba ya simu inayopatikana, na ya jirani pia. Mwandikie kama mwanao ana selimundu, kisukari, kifafa au mzio wa dawa. Kwenye kikao cha wazazi, uliza kama shule ina pakiti za ORS, maji safi na mtu anayejulikana wa kumpeleka mtoto zahanati.

Na siku simu ikiita, kabla ya kukata muulize mwalimu maswali matatu: anaitika? Anakunywa na kinakaa tumboni? Amekojoa? Jibu moja likiwa hapana, mwambie asikusubiri. Mkutane zahanati.