Toeni Urea Kwenye Mvinyo

Kila wiki swali ni lile lile: "Mvinyo wangu wa rozela umeacha kuchachuka na bado ni mtamu. Niongeze sukari kiasi gani?" Usiongeze hata kijiko. Ukiwa bado mtamu, sukari ipo. Mara nyingi kilichokosekana ni naitrojeni. Maji ya rozela yana naitrojeni kidogo, sukari nyeupe haina kabisa, na bila naitrojeni hamira haiwezi kujenga protini, zikiwemo zile zinazoingiza sukari ndani ya seli. Ndoo ikinuka yai viza mapema, njaa hiyo ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Hapo jirani huleta dawa yake: tia urea ya shambani kidogo. Ushauri huu umenichosha kwa sababu unaonekana kufanya kazi. Ni kweli hamira hula urea, na povu linaweza kurudi. Lakini hamira haili ovyo, huchagua. Ikipata amonia au glutamini ya kutosha, huzima jeni za vyakula inavyovipenda kidogo. Hata Gap1, protini inayopitisha karibu kila aina ya asidi amino, hung'olewa kwenye utando wa seli na kupelekwa ndani kuvunjwavunjwa. Kimeng'enya cha kuvunja urea nacho kimo katika orodha ya vinavyozimwa. Kwa hiyo urea uliyotia yaweza kukaa ndooni bila kuguswa.

Haikai bure. Huungana na kilevi na kutengeneza ethili kabamati, na joto la stoo ya bati huharakisha kazi hiyo. Mwaka 2007 IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, iliiweka kemikali hii kundi 2A: yaani yumkini inasababisha saratani kwa binadamu. Kanada ilikwisha kuiwekea kikomo katika mvinyo mwaka 1985: maikrogramu 30 kwa lita. Huioni, huinusi, huionji.

Msinijibu kwamba hamira yenyewe hutoa urea. Ndiyo, hutoa kidogo inapovunja arginini ya matunda. Hiyo ni sababu ya kutoongeza nyingine. Wala msikimbilie mbolea ya CAN: nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, ambayo hamira ya mvinyo haiwezi kuitumia. Mbolea ya DAP (fosfeti ya diamonia) ya kupandia nayo haikusafishwa kwa ajili ya tumbo. Yaweza kubeba kadimiamu kutoka kwenye mwamba wa fosfeti.

Ya kufanya ni haya. Nunua DAP ya daraja la chakula. Kwa ndoo ya lita 20, gramu 10 zinatosha: 5 siku moja baada ya uchachu kuanza, 5 theluthi ya sukari ikiisha. Usitie zote mwanzoni, kwani amonia nyingi huzuia hamira kuchukua asidi amino. Kama huna DAP, chemsha hamira kavu kijiko kimoja kwa maji, ipoe, mimina. Au ongeza matunda halisi. Koroga siku mbili za mwanzo ipate hewa. Pima sukari kwa haidromita. Ukivuka nusu ya safari usitie DAP tena, maana kilevi kimekwisha kudhoofisha uwezo wa hamira kuipokea. Uchachu ukikwama hapo, anzisha hamira mpya pembeni, uizoeshe mvinyo huo kidogo kidogo.

Aliyekwisha kutia urea, amwage mvinyo huo.