Mtoto Anapochelewa: Upimaji wa Ukuaji na Ujifunzaji Mkoani Kigoma

Upimaji wa ukuaji na ujifunzaji ni uchunguzi wa namna mtoto anavyotembea, anavyoongea, anavyoelewa, anavyohusiana na wenzake na anavyojifunza, ili ijulikane anahitaji msaada gani. Hufanywa na wataalamu wa afya kwa kushirikiana na walimu wa elimu maalumu na wazazi. Huwahusu watoto wenye usonji, ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo, kifafa au tatizo la umakini na utulivu. Huwahusu pia wale wenye akili timamu ambao herufi na tarakimu zinawashinda. Kuanzia Ujiji na mialo ya Kibirizi na Katonga hadi vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika vinavyofikiwa kwa boti, watoto wa aina hii wapo, na wengi huitwa wavivu au watundu kabla hawajapimwa na yeyote.

Vyanzo vya matatizo haya ni vingi. Baadhi ni vya kurithi, na vingine hutokea mimba ikiwa bado changa. Vipo vinavyotokana na uzazi mgumu, pale mtoto anapokosa hewa au anapochelewa kulia, na vipo vinavyotokana na manjano makali ya siku za kwanza yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Kwa Kigoma, malaria ni jambo la kutazamwa kwa makini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vyake katika takribani asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani humo, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 7. Malaria inapopanda kichwani, mtoto hupata degedege na kupoteza fahamu, na kupona kwake si lazima kuwe mwisho wa habari. Watafiti waliowafuatilia watoto waliotibiwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, waliripoti mwaka 2008 kwamba miaka miwili baada ya ugonjwa, mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Kwa hiyo mtoto aliyewahi kuugua hivyo anastahili kuangaliwa tena anapoanza shule.

Dalili za mapema huonekana nyumbani na kliniki. Mtoto ambaye hajakaa mwenyewe akiwa na miezi 9, hajatembea akiwa na miezi 18, au hajaunganisha maneno mawili akiwa na miaka 2 anahitaji kuchunguzwa. Vivyo hivyo yule asiyegeuka anapoitwa jina, asiyeonyesha kitu kwa kidole, au aliyekuwa akiongea kisha akaacha. Mara nyingi familia hujifariji kwamba ataongea tu, kwani hata baba yake alichelewa, au humpeleka akakatwe udata chini ya ulimi. Wapo wanaochelewa na baadaye wakaongea vizuri, lakini kusubiri bila kupima humpotezea mtoto miaka ambayo ubongo wake hufundishika kwa wepesi zaidi.

Hatua ya kwanza ya upimaji ni masikio na macho. Mtoto ambaye sikio lake limetoa usaha kwa miezi kadhaa husikia nusu ya maneno ya mwalimu na huonekana mzito wa kuelewa. Asiyeona mbali hunakili ubaoni kwa kubahatisha. Jicho hupimwa kwa chati yenye herufi E iliyogeuzwa huku na huku: mtoto husimama umbali uliopimwa, hufunika jicho moja, kisha huonyesha kwa mkono upande ambao miguu ya herufi imeelekea. Hahitaji kujua kusoma. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na humwokoa mtoto asipachikwe jina la ugonjwa asiokuwa nao.

Hatua ya pili ni historia. Mpimaji humuuliza mama kuhusu mimba, uzazi, magonjwa, degedege, usingizi na chakula. Huuliza pia mtoto anaweza kufanya nini nyumbani: kuvaa mwenyewe, kutumwa dukani na kurudisha chenji, kumtunza mdogo wake. Majibu haya yana uzito mkubwa kwa sababu ulemavu wa akili hauthibitishwi kwa alama za mtihani pekee. Lazima ionekane kwamba mtoto hushindwa pia shughuli za kila siku ambazo wenzake wa rika moja wanazimudu.

Hatua ya tatu ni lugha. Mtoto wa Kigoma vijijini huenda alizaliwa katika Kiha, na katika miji na kambi za wakimbizi kama Nyarugusu wapo waliolelewa katika Kirundi, Kibembe au Kiswahili cha Kongo. Kirundi hakitofautishi r na l kama Kiswahili sanifu kinavyofanya. Mwanafunzi aliyekulia humo akiandika “kurara” badala ya “kulala”, ameandika sauti aliyoizoea, na kosa hilo peke yake halithibitishi disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika. Dalili nzito zaidi ni kushindwa kuunganisha sauti na herufi katika lugha yoyote anayoijua, huku akifundishwa vizuri na kuhudhuria shule ipasavyo.

Baada ya hapo ndipo vipimo vyenyewe hutumika. Vipimo vya akili vilianzia Paris mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walipotafuta njia ya kuwatambua watoto waliohitaji mafunzo ya pekee. Vingi vilivyofuata vilitengenezwa Ulaya na Marekani, na picha na maswali yake humchanganya mtoto ambaye hajawahi kuona theluji wala mahali pa kuotea moto ndani ya nyumba. Mtoto wa mwaloni anaweza kuduwaa mbele ya vipande vya mbao vya rangi, ilhali asubuhi aliwatenganisha dagaa na migebuka midogo bila kukosea. Ndiyo maana watafiti wa Kilifi, Kenya, wakiwa na Amina Abubakar, walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kinachotumia vitu na shughuli zinazojulikana huko, na Malawi nayo ikapata chake.

Tanzania ina funzo lake kutoka Bagamoyo. Wanasaikolojia Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwapa mamia ya wanafunzi mafumbo ya kufikiri. Kundi moja lilifundishwa kwa muda mfupi mbinu za kuyatatua, kisha wote wakapimwa upya. Waliofundishwa walipanda zaidi, na mpangilio wa nani yuko mbele na nani yuko nyuma ukabadilika. Kwa hiyo alama ya kwanza huonyesha kile mtoto alichokwisha kukutana nacho. Uwezo wake wa kujifunza hujulikana vizuri zaidi akifundishwa kisha akapimwa tena, jambo ambalo mwalimu yeyote makini anaweza kulifanya darasani.

Matokeo hupaswa kuandikwa kwa maneno ambayo mzazi na mwalimu watayaelewa: mtoto anaweza nini, anakwama wapi, na kifanyike nini. Mwenye kifafa huanzishiwa dawa, mwenye mtindio wa ubongo hupelekwa kwenye tiba ya mazoezi, na asiyesikia vizuri huketishwa mbele. Anayekwama kusoma hufundishwa sauti moja moja, kila siku, kwa muda mfupi. Mlango wa kuanzia ni kliniki ya mama na mtoto, zahanati au mwalimu mkuu, na kesi ngumu hufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Kutoka hapo wapo wanaotumwa hospitali za Bugando jijini Mwanza au Muhimbili, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, ambayo familia nyingi haziimudu. Kwa sababu hiyo, ujuzi wa walimu na wahudumu walioko karibu ndio unaowafikia watoto wengi zaidi. Walimu hao huandaliwa katika vyuo kama Patandi, mkoani Arusha.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto kusoma pamoja na wenzake na kupata msaada anaouhitaji. Wengi wanaweza kubaki katika shule ya kijiji mwalimu akibadili mbinu, na wengine hufaidika zaidi na vitengo maalumu au shule kama Kabanga, wilayani Kasulu, ambayo imewapokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Kijana anayekaribia mitihani ya taifa huhitaji taarifa ya upimaji mapema, kwa kuwa Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa nyongeza: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Asiyeendelea na shule naye apimwe kwa ajili ya ufundi na kazi. Na kwa kuwa watoto hubadilika, taarifa ya leo haifai kumfunga mtu maisha yake yote. Upimaji urudiwe kila anapovuka hatua, kutoka chekechea hadi darasa la kwanza, kutoka msingi hadi sekondari, na kutoka shuleni hadi kazini.