Jiko la Umeme la Kujengewa Ukutani

Wasikilizaji, tangu umeme wa gridi ya taifa ulipofika Songea kutoka Makambako mwaka 2018, nao ukaendelea hata Mbinga, wako watamanio jiko la umeme lililojengewa ukutani. Basi lifikirini jiko la wati 4,600. Kwa volti 230 lavuta ampea 20, na soketi ya kawaida yastahimili 13 tu. Likichomekwa humo, waya waweza kushika moto ndani ya ukuta, wala hamtauona. Lapasa kupewa waya wake lenyewe, mnene, utokao katika sanduku kuu, na swichi ifikiwayo pasipo kupitisha mkono juu ya sufuria. Waya wa ardhi, wa kijani na manjano, usiachwe kamwe. Fundi awe mwenye leseni. Azime kwanza swichi kuu, kisha apime kama umeme umekatika kweli.