Maumivu ya Tumbo Yasiyokwisha: Jina Moja, Maradhi Mengi

Katika nyumba nyingi za pwani, mtu anaposhikwa na tumbo siku baada ya siku, jina la ugonjwa wake hupatikana kabla hajamwona tabibu: huambiwa ana chango. Neno hilo lina kazi nyingi. Huwa ni utumbo wenyewe. Huwa ni minyoo wakaao ndani yake. Na tena huwa ni maumivu ya chini ya kitovu yanayowasumbua wanawake, hasa nyakati za hedhi au pindi uzazi unapokawia. Wanaolitumia hawakukosea kuona kwamba mambo hayo yote hukutana tumboni. Taabu huanza pale ambapo jina moja huleta dawa moja, ilhali maradhi yaliyojificha nyuma yake ni mengi, na baadhi yake hayapatani na dawa hiyo hata kidogo.

Ngozi ikichomwa mwiba, mtu huweza kuonyesha mahali penyewe kwa ncha ya kidole. Sivyo ilivyo kwa matumbo. Mishipa ya fahamu ya utumbo ni michache na imetawanyika. Haihisi kukatwa, bali huhisi kuvutwa, kujaa na kubanwa. Tena habari zake huingia katika uti wa mgongo pamoja na zile zitokazo sehemu nyingine za mwili, hata ubongo ukashindwa kuzipambanua. Ndiyo maana maumivu ya mfuko wa chakula, ya kifuko cha nyongo na ya kongosho husikika yote penye chembe cha moyo. Ya utumbo mwembamba husikika kuzunguka kitovu. Na ya utumbo mpana husikika chini yake, mahali pale pale ambapo kibofu na mji wa mimba navyo huumia. Kidole tumbo huanza kuuma kitovuni, na baada ya saa kadhaa, uvimbe wake ukishagusa utando wa ndani wa tumbo, maumivu huhamia chini upande wa kulia. Aliyekunywa haluli katika saa hizo huwa amejitia hatarini, kwa sababu utumbo unaosukumwa kwa nguvu huweza kukipasua kidole kilichovimba.

Vidonda vya tumbo viliwadanganya hata wataalamu, tena kwa muda mrefu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari walifundishwa kwamba huletwa na wasiwasi, vyakula vikali na wingi wa tindikali. Mgonjwa aliamriwa kupumzika, kula vyakula laini na kunywa maziwa; vidonda vikapona, kisha vikarudi. Mwaka 1979 Robin Warren, mchunguzi wa maradhi katika mji wa Perth, Australia, aliona kwa hadubini bakteria waliopinda juu ya vipande vya nyama vilivyotolewa katika matumbo ya wagonjwa. Wengi hawakukubali kwamba kiumbe chochote kingeweza kustawi katika tindikali ile. Daktari kijana, Barry Marshall, alijiunga naye, wakajaribu kuwaotesha bakteria hao maabarani, lakini sahani zilitupwa kila mara baada ya siku mbili kwa kuwa hazikuonyesha kitu. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982 ndiyo iliyowafaa: sahani ziliachwa muda wote wa mapumziko, na watu waliporudi kazini wakakuta bakteria wameota. Mwaka 1984 Marshall alikunywa maji yaliyojaa bakteria hao. Siku chache baadaye alianza kutapika, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ukuta wa tumbo lake, uliokuwa mzima, umepatwa na uvimbe. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Bakteria huyo, aitwaye Helicobacter pylori, hutengeneza amonia inayozimua tindikali iliyomzunguka, kisha hujichimbia katika ute wa tumbo. Aghalabu huambukizwa utotoni, ndani ya nyumba, na wengi wanaoishi naye hawapati kidonda maishani. Kwa yule anayekipata, tiba si maziwa. Ni dawa za kuua bakteria, mbili au zaidi, pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, kwa siku 14 kwa kawaida, bila kukatiza pindi nafuu inapoonekana. Maziwa hutuliza kwa kitambo kidogo, halafu hulichochea tumbo kutoa tindikali zaidi. Magadi nayo huizimua tindikali mara moja, na ile hewa ambayo mgonjwa huicheua akidhani ugonjwa unatoka ni gesi ya kabonidayoksaidi, itokanayo na magadi yenyewe kukutana na tindikali. Kidonda hubaki palepale. Magadi ya kila siku humjaza mtu sodiamu, jambo baya kwa mwenye shinikizo la damu au figo dhaifu. Lakini kinachostahili kulaumiwa zaidi ni kidonge cha maumivu. Aspirini na diklofenaki, zinunuliwazo madukani kwa ajili ya mgongo na viungo, hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo, nazo ni chanzo kikubwa cha vidonda baada ya bakteria. Anayezimeza ili kutuliza tumbo huwa anaulisha ugonjwa wake.

Hata mahali anapoishi mgonjwa pana maana. Mvuvi wa Ukerewe na karani wa Dar es Salaam waweza kulalamikia maumivu yanayofanana, lakini kwa mvuvi pana jambo la kuulizwa mapema: kichocho. Watu wengi wanakijua kile cha kukojoa damu, kilichoenea pwani. Kichocho cha matumbo, kilichokita mizizi kando ya Ziwa Victoria, hakionekani katika mkojo. Konokono wadogo wa majini hutoa viluwiluwi wanaopenya ngozi ya mtu aliyesimama majini katika dakika chache tu, na pengine yeye asihisi zaidi ya mwasho. Wakishakua, dume na jike huishi wamekumbatiana ndani ya mishipa ya damu inayozunguka matumbo, miaka kadhaa. Wao wenyewe si adui mkubwa. Adui ni mayai yao. Baadhi hupenya utumbo na kutoka pamoja na choo, mara nyingine na damu. Mengine huchukuliwa hadi kwenye ini, yakakwama humo, na mwili ukayazungushia makovu. Miaka ikipita, njia za damu katika ini hubanwa, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio hututumka hata ikapasuka. Mgonjwa hutapika damu, na jamaa zake, wakiliona tumbo lilivyofura, pengine husema amerogwa. Yote hayo huzuilika kwa prazikwanteli, vidonge vinavyokadiriwa kwa uzito au kimo cha mgonjwa na kumezwa siku moja, mradi vimezwe mapema.

Minyoo wa kawaida wa watoto hawana mambo mengi: kidonge cha albendazoli huwaondoa, na choo safi huwazuia wasirudi. Ila mtoto mwenye selimundu naye huumwa tumbo mara kwa mara, na kumpa dawa ya minyoo kila anapolia ni kupoteza wakati. Kufunga choo, ambako wengi huona haya kukutaja, husababisha maumivu mengi kuliko inavyodhaniwa. Hapo ugali wa dona badala ya sembe, mboga za majani, papai na maji ya kutosha hufanya kazi kuliko dawa. Wako pia watu wazima, tena si wachache katika Afrika Mashariki, ambao miili yao imeacha kumeng'enya sukari ya maziwa. Kikombe kimoja huwaletea riahi na msokoto, lakini mtindi huwaelea.

Maumivu ya wanawake yanastahili uangalifu zaidi ya yanavyopewa. Mengine ni ya hedhi tu, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa huyapunguza. Mengine hutokana na maambukizo ya mirija ya uzazi, ambayo yasipotibiwa huweza kuleta utasa. Hapo kuwekwa mizizi ukeni huongeza tu maambukizo. Na mwanamke aliyekosa siku zake, akashikwa ghafla na maumivu makali upande mmoja na kizunguzungu, huenda mimba imetunga nje ya mji wake na kupasuka. Huyo hana saa za kupoteza.

Katika dawa za jadi, tangawizi imeonekana kweli kupunguza kichefuchefu. Utomvu wa mshubiri ni haluli kali, na msokoto unaoufuata si dalili ya ugonjwa kutoka bali ni kazi ya utomvu huo. Mafuta ya mwarobaini yamepata kuwadhuru vibaya watoto wachanga, hata mengine kuua.

Tiba za nyumbani ziachwe kando kabisa mgonjwa anapopata choo cheusi kama lami, anapotapika damu, anapokonda bila sababu, anapokuwa na homa au macho ya manjano, anapoamshwa usiku na maumivu, au tumbo linapokuwa gumu kama ubao. Asiye na dalili hizo, ikiwa tumbo linamsumbua kwa majuma, naye aende zahanati. Atakachoulizwa huko ni kile ambacho nyumbani hakikuulizwa: maumivu yalianza lini, huja kabla ya kula au baadaye, choo kikoje, ameoga katika maji gani, na amekwisha kunywa nini. Ataje na mizizi pia, bila kuona haya. Akitakiwa choo cha kupimwa, akitoe hapo hapo kituoni ikiwezekana. Mayai ya minyoo huvumilia, lakini amiba aliye hai hutambulikana kwa mwendo wake, na choo kikipoa kwa muda wa nusu saa huacha kutembea.